Droo ya Valda Iliyogoma

Nitakayowasimulia hapa hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi niliyeyajua tangu chembe ya kwanza hadi ya mwisho, kuna asubuhi naamka nikijipapasa kuhakikisha kwamba hayakuwa ndoto. Basi asiyetaka kuamini afunge ukurasa sasa hivi akalishe kuku. Anayebaki, ombi langu ni moja tu: asinikatize.

Valda Trewin ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane. Ana mabega ya mbeba magunia, na macho yanayokufanya ukumbuke kosa ulilolifanya mwaka juzi. Anaishi Tarrapinda, mji wetu wenye baa moja, pampu mbili za mafuta na mbwa wengi kuliko wapiga kura. Kila Jumanne alfajiri hupakia barua, mikate, vipuri vya pampu na dawa za wagonjwa kwenye Landkruza, akazunguka ranchi kumi na moja, kilomita mia sita za vumbi, akarudi Jumatano jioni. Njia hiyo ya posta ilikuwa ya mumewe, Athol. Athol alipoanguka akafa huku ameshika geti la ranchi ambalo hakuwahi kulifunga, watu wa baa walimpa Valda wiki tatu atakuwa amechoka. Huu ni mwaka wa nne.

Shida yake haikuwa njia, ilikuwa nyuma ya gari. Athol alikuwa mtu wa kutupa vitu humo na kufunga mlango. Jeki, kamba, shoka, makopo ya nyama, vyote vilicheza pamoja kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati. Siku moja Valda alifunga breki ghafla kumkwepa kangaruu. Jeki ikatoka huko nyuma kama jiwe la manati, ikampita sikioni, ikatoboa kioo cha mbele ikaangukia kwenye boneti. Alikaa pale kwenye usukani kwa muda mrefu, akishika sikio lake kuona kama bado lipo. Alipofika nyumbani alisema neno moja: droo.

Kwetu, mtu anayesafiri porini bila droo nyuma ya gari anahesabiwa kama mtu anayelala bila mlango. Zipo za kununua, za chuma, zinazoteleza kama samaki. Valda hakutaka. Ukumbi wa zamani wa mji ulikuwa unabomolewa, na yeye akaenda akaomba plaiwudi za jukwaani. Juu ya jukwaa lile ndipo Athol alipomkanyaga mguu mara ya kwanza wakicheza dansi. Zilikuwa mbao nene, ngumu, zilizovumilia buti za watu kwa miaka sitini. Aliziburuta mwenyewe hadi uani.

Hapa inafaa nimtaje shemeji yake, Clarrie Trewin, mdogo wa Athol. Ni mkata manyoya ya kondoo mstaafu, mwanamume ambaye hata wanaogombana naye wanakiri kwamba ana sura nzuri. Kila alasiri Clarrie alikuja na kigoda na chupa ya bia, akakaa kivulini kutazama kazi. Hakushika hata msumari. Alisema kila fundi anahitaji mtu wa kumsimamia.

“Shemeji, hicho ni kitanda au jeneza?” akauliza siku ya kwanza.

“Jeneza,” Valda akajibu bila kuinua kichwa. “Hebu lala hapo nikupime.”

Wiki saba alipiga msumeno, akasugua msasa, akapaka gundi, akakaza skrubu. Reli za kutelezeshea droo alizitengeneza kwa vibao vya plastiki vya kukatia nyama, vile vyeupe, alivyovipasua vipande vyembamba ili mbao iteleze juu yake. Alitaka kitu kisichogonga. Kelele za vitu vikigongana zilikuwa zimemla masikio miaka mitatu. Basi akaibana droo ndani ya sanduku lake mpaka ukichomeka karatasi ya barua pembeni haipiti. Clarrie alimwambia mbao nayo inataka kupumua. Valda akamwambia hata yeye Clarrie anapumua sana.

Sasa, kuna jambo ambalo Valda alilijua peke yake. Kipimo alichokitumia kilikuwa tepu ya Athol, tepu ya chuma iliyokatika ncha siku nyingi, ilipobanwa na mlango wa lori. Sentimita kumi za mwanzo hazikuwepo. Athol hakuitupa. Kila alipopima, alizitoa zile kumi kichwani, na maisha yakaendelea. Valda naye akafanya vivyo hivyo, ubao baada ya ubao, kwa wiki saba. Mpaka alipofika ubao wa mwisho, ule mkubwa wa kufunika juu ya sanduku zima. Jumapili ile ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yake, akili yake ikawa mbali, akasoma namba kama ilivyoandikwa, akakata.

Alipouweka ubao mahali pake, ulikuwa mfupi kwa upana wa kiganja. Huko mbele kabisa, nyuma ya viti, likabaki pengo refu lililokatiza sanduku kutoka upande hadi upande. Na plaiwudi ya jukwaa ilikuwa imekwisha.

Alisimama akaliangalia pengo lile, akamfikiria Clarrie, akafikiria baa nzima ikisimuliwa. Bahati yake, Clarrie hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuvua bwawani na fimbo yake ya kuvulia, ambayo siku hiyo iling'aa kuliko kawaida. Valda akachukua vifuniko vya mabati ya biskuti, akavinyoosha kwa nyundo, akaziba pengo kwa skrubu sita, kisha akabandika zulia juu ya kila kitu kwa gundi ya kuua farasi. Ukilitazama, hutaona chochote. Akajiapia kwamba siri ile atazikwa nayo.

Jioni hiyo alikwenda kumalizia kupaka vanishi upande wa chini, akakuta kopo limebaki tupu wakati alikumbuka lilikuwa nusu. Akadhani amezeeka, amesahau. Chini pakabaki bila vanishi. Akasema pale nani atapaona.

Droo ilianza kazi mwezi wa Februari, na nyinyi msioamini mngeiona mngeamini. Kila kitu kilikuwa na chumba chake: jeki na spana upande huu, kamba na shoka upande ule, kopo la chai, sukari, makopo ya nyama, na pale kwenye mdomo wa droo, karibu na mlango wa nyuma, mahali pa kufikiwa kwanza, mfuko wa bandeji na simu ya setilaiti ndani ya kisanduku cha manjano chenye mpini. Simu ya kwanza aliyokuwa nayo iliruka kutoka juu ya dashibodi ikapitia dirishani ikakanyagwa na gurudumu. Hii aliifungia. Barabara nzima hapakugonga hata kijiko.

Mvua za Machi zilipokuja, Clarrie akajitolea kumsindikiza, maana vijito vikijaa lazima mtu mmoja atangulie ndani ya maji kwa miguu akipima kwa fimbo. Alitokea asubuhi amevaa kaptula na ndara.

“Buti ziko wapi?” Valda akamuuliza.

“Miguu yangu inataka hewa, shemeji. Si kama droo yako.”

Jumanne hiyo walivuka vijito vitatu. Mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umezeeka, na kila kijito kiliacha maji kidogo sakafuni, chini ya sanduku. Walilala ranchi ya Nardoo. Usiku kucha maji yale yalikaa pale kimya yakifanya kazi yake. Asubuhi walipewa chai na mayai na wenyeji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuifungua droo.

Saa nne walifika Kijito cha Mackie. Clarrie akatangulia, maji yakamfika mapajani, Valda akafuata polepole, maji ya rangi ya chai yakaingia hadi kwenye pedali. Wakatoka salama ng'ambo, na kama kila mtu wa kwetu afanyavyo akishavuka maji, wakasimama wachemshe chai. Valda akaenda nyuma, akafungua mlango, akashika mpini wa droo, akavuta.

Haikuja.

Akavuta tena. Akaweka mguu kwenye bampa, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake, na mpini ukang'oka ukabaki mkononi, naye akakaa matopeni. Clarrie alicheka mpaka akaegemea gari.

“Mimi nilidhani unatengeneza droo,” akasema. “Kumbe ulikuwa unajenga benki.”

Valda hakucheka. Aliinama akapitisha vidole chini ya sanduku, akaigusa ile mbao isiyopakwa vanishi. Ilikuwa imevimba kama mkate uliotiwa kwenye chai. Alisimama akitazama uso wa droo. Haikuwa chai iliyomsumbua. Shoka lilikuwa humo. Jeki ilikuwa humo. Spana, bisibisi, koleo, bandeji, simu. Kila kitu ambacho mtu anakihitaji akipatwa na jambo, yeye mwenyewe kwa mikono yake alikuwa amekiweka mahali pamoja, akakifunga.

“Usihofu,” Clarrie akamwambia. “Natafuta mti tuikabe roho hiyo droo.” Akaenda kwenye rundo la magogo na nyasi ambalo mafuriko yaliliacha ukingoni, ndara zikipiga pwata pwata, akiimba kitu kisichofaa kuandikwa. Akachagua mti mmoja ulionyooka, akauinua.

Wimbo ukakatika.

“Valda,” akaita.

Miaka thelathini na mitano alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Siku zote shemeji, au jina fulani la utani. Valda aliposikia jina lake, alijua kabla hajageuka.

“Usitembee,” akasema, lakini Clarrie alikwisha piga hatua tatu. Valda akakimbia akamlaza chini pale pale. Juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na vitone viwili vidogo, kama mtu amegusa kwa ncha ya kalamu, na damu kidogo tu.

“Wa rangi gani?”

“Kahawia.”

Kwetu kila mtoto anayeweza kutembea anamjua nyoka wa kahawia. Wakati mwingine anauma bila kutia sumu, na unaishi ukijisifu. Wakati mwingine unaanguka katikati ya sentensi.

Kwenye kiti cha dereva Valda huweka shati zito la Athol, analiegemea mgongo. Alilichana vipande, akaufunga mguu kuanzia vidole, akipanda juu, akikaza kwa nguvu, goti, paja, mpaka kwenye nyonga, kisha akaulaza mti ule ule ulioleta balaa pembeni mwa mguu akafunga tena ili usikunjike. “Ukitikisika,” akamwambia, “nakuua mimi kabla ya nyoka.” Akamtandikia turubai, akamwekea ndoo juu ya uso imkinge jua.

Redio ya mawasiliano ya gari aliipigia kelele kwenye kila mkondo. Ilimrudishia mkwaruzo tu, kama wa mchanga. Nyuma yao kijito kilikuwa kinapanda; povu la kahawia lilikwisha funika jiwe walilolitumia kama alama. Mbele, ranchi ya Belmore, kilomita tisini za barabara iliyojikunja kama bati. Kumpitisha mtu mwenye sumu mguuni juu ya kilomita tisini za bati ni kuitingisha chupa kwa makusudi. Madaktari wa ndege, wale wanaowafuata wagonjwa porini, wangefika pale kabla hata yeye hajamaliza nusu ya njia, kama wangejua tu kwamba kuna mtu pale. Na simu ya kuwaambia ilikuwa sentimita chache nyuma ya ubao.

Alichukua jiwe. Alipiga uso wa droo mara kumi, mara kumi na tano. Plaiwudi ya jukwaa ilipata mikwaruzo. Jiwe ndilo lililopasuka. Alipiga kwa kisigino, akapiga kwa bega. Alitafuta kichwa cha skrubu cha kushika, na kichwa chenyewe hakikuwepo, kwa sababu skrubu zote alizipitisha kutokea ndani, asije mwizi akazifungua. Alikuwa amefikiria kila mwizi wa bara zima. Hakujifikiria yeye.

“Siku moja, shemeji,” Clarrie akasema chini ya ndoo, “jaribu kujenga kitu kibovu.” Lakini maneno yalikuwa mazito, kama mtu anayetafuna. Kisha akageuza kichwa akatapika, akasema mdomo wake umekufa ganzi, na kwamba anaona ndoo mbili.

Valda alikaa kwenye bampa, mpini uliong'oka bado uko mkononi. Ndipo lilipomjia lile pengo.

Si kwamba alisita sana. Alisita pumzi moja. Lakini katika pumzi hiyo aliona baa, na vicheko, na uso wa Clarrie, na pumzi hiyo anaijutia hadi leo. Kisha akapanda ndani ya gari, akaanza kutupa nje magunia ya posta yaliyokuwa nyuma ya viti. Barua za watu ziliangukia matopeni. Mkate wa ranchi ya Belmore ukabiringika hadi majini.

Zulia liligoma. Ile gundi ilikuwa nzuri mno. Alilichimba kwa kucha, kucha mbili zikavunjika. Akaling'ata kwa meno mpaka pembe ikainuka, kisha akalivuta, likatoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika.

“Unafanya nini huko?” Clarrie akauliza.

“Nyamaza, upumue.”

Mabati ya biskuti yakajitokeza, na skrubu zake sita. Bisibisi ilikuwa ndani ya droo. Alitoa sarafu mfukoni, akaingiza ukingo wake kwenye kichwa cha skrubu, akazungusha. Sarafu iliteleza. Ya kwanza. Ya pili. Ya nne ilikuwa imepata kutu, akaiacha akalikunja bati. Pengo likafunguka, jeusi, likinuka mbao mbichi, na akaingiza mkono wake hadi begani, shavu likikandamizwa kwenye mbao.

Vidole viligusa kamba. Viligusa makopo ya nyama. Hapo vikaishia. Simu alikuwa ameiweka upande mwingine kabisa, karibu na mlango, ili ifikiwe kwanza. Mita nzima ya giza ilikuwa katikati.

Alitoka akakimbilia uzio ambao mafuriko yalikuwa yameulaza ukingoni. Waya. Watu wa kwetu hawana shida ambayo hawajawahi kuijaribia waya wa uzio. Koleo nalo lilikuwa ndani ya droo, basi akaushika waya kwa mikono akaukunja na kuukunjua, huku na huku, mahali pale pale, mpaka ukapata moto, mpaka ukakatika. Akafika kwenye gari vidole vinavuja damu, akapinda ncha iwe ndoana, akauingiza kwenye pengo.

Aliifahamu droo ile kama mtu anavyofahamu jikoni kwake gizani. Chumba cha kamba. Chumba cha makopo. Chumba cha chai. Chumba cha kisanduku. Alisikiliza waya ukigusa bati, ukigusa kitambaa, ukikwaruza mbao. Ikateleza. Akajaribu tena. Ikateleza. Ghafla akagundua kwamba nje pamekuwa kimya.

“Clarrie. Sema kitu.”

Akaugonga ubavu wa gari kwa kiganja.

“Clarrie, miaka thelathini na mitano umesema bila kuombwa. Leo nakuomba.”

“Vanishi,” sauti ikaja kutoka chini ya ndoo, ya mbali.

“Vanishi gani?”

“Nusu kopo lako. Niliichukua mimi. Nilipaka fimbo yangu ya kuvulia.” Akavuta pumzi. “Sikutaka nife nayo.”

Waya uliacha kukwaruza. Valda aliweka paji la uso juu ya ubao. Kwa muda wa kuhesabu tatu hakusema chochote, na Clarrie anasema zile tatu zilimtisha kuliko nyoka.

“Mimi nilikata ubao mfupi,” Valda akasema hatimaye. “Huu wa juu. Sentimita kumi. Nilisahau tepu ya Athol.”

“Ulisahau ncha?”

“Nilisahau ncha.”

“Kwa hiyo wiki zote hizi ulivyokuwa unajidai, hapo kuna tundu?”

“Mkono wangu umo ndani ya hilo tundu sasa hivi. Na usicheke. Ukicheka, sumu inatembea.”

“Sicheki,” Clarrie akasema, na ndoo ikawa inatikisika.

“Clarrie.”

“Basi. Nimeacha.”

Ndoana ikashika. Valda aliihisi, uzito ule, mpini wa kisanduku ukining'inia. Akaanza kuvuta, taratibu, akiuinua juu ya ukuta wa chumba cha chai, ukapita. Juu ya ukuta wa makopo. Ukagonga, ukachomoka, kisanduku kikaangukia katikati ya makopo ya nyama. Akafumba macho. Akapeleka waya tena, akapapasa, akashika, akainua kidogo zaidi ya mara ya kwanza, na safari hii kikapita. Vidole vyake vikaigusa plastiki.

Kisanduku hakikutosha kwenye pengo. Kilikuwa kinene kwa nusu kidole. Alikigeuza hivi, akakigeuza vile, jasho likimwingia machoni. Mwishowe akakibana kwenye pembe ya giza, akafungua komeo zake mbili kwa mkono mmoja bila kuona, akaingiza vidole ndani, akaitoa simu peke yake, kama mtu anayemzalisha kondoo.

Sauti ya mwanamke ilijibu mlio wa tatu. Valda alieleza yote kwa maneno machache: nani, wapi, nyoka gani, dakika ngapi. Mwanamke yule hakuuliza lisilohitajika. Alimwambia kwamba mbele kilomita nne barabara inanyooka, ina alama nyeupe za mahali pa ndege kutua, ndege itafika kwa dakika arobaini, ampeleke pale bila kumtingisha, na kama ana bandeji halisi aongeze juu ya hizo za shati. Valda akarudi kwenye pengo akauvua na mfuko wa bandeji. Huo ulikuja mara ya kwanza, akazifunga bandeji juu ya shati.

Alimburuta Clarrie juu ya turubai mpaka mlangoni, akampandisha kiti cha mbele kwa namna ambayo hadi leo hajui aliipataje, maana Clarrie si mwembamba. Kilomita zile nne alizipita kwa nusu saa, gurudumu kwa gurudumu, akikwepa kila shimo kama aliyebeba mayai yasiyochemshwa. Clarrie hakuweza kukishikilia kichwa chake wima. Kope zake zilikuwa zimeshuka na hazikupanda tena. Valda alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili akamshika kidevu, akamwambia kila kitu kilichomjia kinywani, hata bei ya kondoo.

Kwenye alama nyeupe palilala ng'ombe kumi na tisa. Alipiga honi, hawakuinuka. Akashuka akawaendea na ule mti wa balaa aliouchomoa kwenye mguu wa Clarrie, bandeji zikibaki zimeukaza, akiwapiga matako na kuwataja kwa majina ya wanasiasa, na wa mwisho wa mwisho alikuwa anaondoka pale ndege ilipoonekana, ndogo, nyeupe, ikiinamisha bawa.

Daktari aliyeshuka alimtazama Clarrie, akatazama bandeji na shati la Athol vilivyofungwa toka vidole hadi nyonga, akauliza nani kamfunga. Valda akasema yeye. Daktari akasema kwa ufungaji huo dawa itamkuta bado mtu wa kumfanyia kazi. Ndipo Valda akakaa chini barabarani, katikati kabisa ya alama nyeupe, akashika sikio lake kama siku ile ya jeki.

Clarrie alilala hospitali siku sita. Aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya baa, ni kwenda kwa Valda na kopo jipya la vanishi. Aliliweka juu ya meza ya kazi akakaa kwenye kigoda. Valda alikuwa ameitoa droo yote, ameipiga randa pembeni nafasi ya kupumua, na pale kwenye pengo alikuwa ametia kifuniko cha kweli, chenye bawaba mbili, wazi kwa macho ya kila mtu. Simu sasa inakaa chini ya kifuniko hicho. Alimwambia shemeji yake kwamba chini hajapaka bado, na kwamba brashi iko pale. Clarrie akapaka. Ndiyo siku ya kwanza mtu yeyote alimwona akishika kazi ya Valda.

Siku hizi hakuna gari Tarrapinda linalotengenezewa droo bila tundu la Valda. Wametoka watu hata miji ya pwani kuja kuona, magari mia mbili, labda mia tatu, yamepanga foleni mpaka kwenye pampu. Na nyoka mwenyewe, wasomaji wangu, kama mnataka kujua mlivyonusurika kunipoteza, alikuwa na urefu wa mita tatu kasoro kidogo, mnene kama paja la fahali, na alisimama wima akanitazama machoni, nami sikupepesa, nikamwambia kwa sauti ya kiume kabisa kwamba wewe leo umekutana na—

“Mita tatu,” anasema Valda. Amesimama nyuma ya kiti changu hapa jikoni kwake, sijui tangu lini, na chai yangu mkononi. “Ulimpima kwa tepu ya Athol, shemeji?”